Msemaji wa Wachuma Zabibu

Penisimani wa Fangatea alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha. Wenzake kijijini walikuwa na mikono: ya kulima viazi vikuu, ya kuvuta nyavu, ya kupasua magogo. Yeye alisomea shule ya wamisionari mjini mpaka baba yake aliposhindwa karo, akatoka na Kiingereza kilichonyooka na sauti ya mhubiri. Basi Waaustralia walipokuja Tonga kutafuta wachuma matunda, na wazee wa kijiji walipoombwa majina ya vijana wenye nguvu wasio walevi, jina lake lilitajwa la kwanza, ingawa nguvu alikuwa nazo za kawaida tu na pombe ndiyo kwanza ameiacha.

Ndivyo alivyofika Robinvale, kando ya mto Murray, kwenye mashamba ya zabibu ya Darrell Hoskin, akawa kiongozi wa timu. Kiongozi wa timu huchuma kama wenzake, ila yeye ndiye anayebeba maneno. Bosi akiwa na jambo humwambia Beni, maana Penisimani lilikuwa jina refu mno kwa ulimi wa Darrell, na Beni huwaambia watu. Watu nao wakiwa na jambo humwambia Beni, na Beni hupima lipi la kumfikishia bosi na lipi la kuzikwa palepale. Mengi yalizikwa. Bomba la maji ya moto likiharibika, hilo alilifikisha kwa utani, bosi akacheka, likatengenezwa. Lakini watu wakinung'unika kwamba wanakatwa pesa nyingi kwa chumba wanacholala sita, hilo lilizikwa na kusomewa dua. Darrell alipenda kuwatambia wakulima wenzake kwenye baa, "Watonga wangu hawalalamiki hata siku moja." Penisimani akisikia hivyo alijiona amesifiwa yeye.

Tusimwonee. Viza zao zilifungwa kwenye shamba lile kama mbuzi kwenye kigingi. Ukimwacha Hoskin ukaenda kwa mkulima mwingine anayelipa vizuri zaidi, wewe ni mtoro, na mtoro haharibikiwi peke yake. Msimu mmoja vijana wawili wa Fangatea walitoroka, na mwaka uliofuata Darrell akapunguza watu wa Fangatea, nafasi zao akawapa watu wa Vanuatu. Kijijini walikuwa wakiezeka kanisa. Upande mmoja ukabaki na mabati mapya, upande wa pili turubai, kwa sababu waliokuwa wakiulipia hawakuchaguliwa tena. Waumini walioketi chini ya turubai waliyajua majina ya wale watoro, na ya mama zao pia. Kwenye televisheni ya Australia wakubwa walibishana kama wageni wanawanyang'anya wenyeji kazi, na katika shamba zima la Hoskin hapakuwa na mwenyeji mmoja aliyeinama chini ya mzabibu.

Msimu wa sita ndipo alipokuja dada yake, Luseane.

Luseane alikuwa mdogo wake kwa miaka minne, ameolewa na Sitani, mkulima mpole wa palepale Fangatea, na kwa miaka saba ya ndoa hawakujaliwa mtoto. Alitaka kuchuma misimu miwili ili wajenge nyumba yao watoke kwa wakwe. Darrell hakupenda kuchukua wanawake. Penisimani ndiye aliyemwombea, yeye na wanawake wengine watatu, na bosi akakubali kwa kumnyooshea kidole: "Nawachukua kwa ajili yako, Beni. Nisije nikajuta."

Sasa, kwetu dada ni mkubwa kuliko kaka, hata kama kaka ndiye aliyembeba mgongoni. Dada anapewa mkeka mzuri, kaka anapewa adabu. Kaka haingii chumba anacholala dada yake, hasemi neno la mwili mbele yake, na habari za mwili wake hazisikii, hata zikitajwa kwa mafumbo. Ndivyo tunavyoheshimiana, na wanaodhani ni chuki waendelee kudhani. Kwenye nyumba ya wafanyakazi palikuwa na sebule moja yenye televisheni. Jioni moja ulikuwa unaendelea mchezo wa kuigiza, mwanamume na mwanamke wakaanza kusogeleana kwa macho ya kulegea, na Luseane akaingia kuchukua kikombe chake. Kabla wale wawili hawajagusana, Penisimani alikuwa ameshafika uani na sahani yake ya mihogo na nyama ya kopo, na wanaume wengine wanne walio binamu wa Luseane wamemfuata. Darrell, aliyekuja kukagua taa, akamkuta amesimama gizani anatafuna.

"Vipi, Beni, mmegombana na yule?"

"Hapana, bosi. Ni dada yangu."

"Ndiyo maana nauliza."

"Na mimi ndiyo maana nakujibu. Ni dada yangu."

Darrell akatikisa kichwa akaenda zake. Penisimani alimwomba wapangwe mistari tofauti na magari tofauti, akakubaliwa. Siku za mwanzo aliona mambo yanakwenda vizuri. Alimwona dada yake kwa mbali, kofia pana na kitambaa shingoni, mikono miepesi, na jioni akisali pamoja na wanawake. Alifurahi. Aliona amemfanyia jambo.

Januari joto likapanda mpaka majani ya mizabibu yakajikunja. Alasiri moja Penisimani alikuwa kwenye bomba la nje akiosha mikasi, akatokea Kalolaine. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka kisiwa cha 'Eua, mchumaji wa miaka mingi, Kiingereza chake hakikuzidi maneno kumi, lakini kwa Kitonga mdomo wake haukuwa na breki.

"Penisimani, nina neno."

"Kama ni sabuni, mama, nimeshasema. Italetwa."

"Sabuni kaogee wewe. Ni Luseane."

Penisimani akazidisha kusugua mkasi. "Mama Kalolaine, yule ni dada yangu."

"Ningekuwa sijui ni dada yako ningemtuma aje mwenyewe. Hayuko sawa, mwanangu. Ni mambo ya..."

"Mama!" Akainua mikono yote miwili, povu likimchuruzika hadi kwenye viwiko. "Usinitie aibuni. Mambo ya dada yangu siyasikii."

"Usiyasikie, basi. Nani kakulazimisha? Nenda kwa bosi, mwambie neno moja tu: daktari. Mimi sijakwambia kitu, nimekwambia daktari."

"Si amwambie bosi mwenyewe."

"Kamwambia! Jana. Kashika tumbo, kasema 'tumbo' kwa Kizungu, na bosi kamjibu, 'Kaongee na Beni.' Haya, mlango ni wewe, na wewe umejitia komeo kwa ndani. Tupitie dirishani?"

Penisimani akafunga bomba. "Nitaona," akasema.

Hapo ndipo penye kisa chote, na yeyote anayetaka kumtetea kwa kutaja mila na asimame hapa kwanza. Penisimani alielewa. Alikuwa na mke na watoto wawili wa kiume. Mtu wa namna hiyo haambiwi mara tatu mwanamke anashika tumbo kwa nini. Mila ilimkataza kusikia. Haikumkataza kusema "daktari". Na kilichomfunga ulimi njiani kwenda ofisini hakikuwa mila. Asubuhi ileile Darrell alikuwa amemweleza, akiwa ameegemea gari, kwamba kwenye shamba la jirani mwanamke mmoja amekutwa na mimba, bima imekataa kulipa, wakala aliyemleta na mkulima wanatupiana mzigo, na mkulima ameapa hataki tena mwanamke wala kijiji alichotoka. "Sitaki kabisa mambo hayo hapa kwangu, Beni." Penisimani akaliona turubai la kanisani. Akaliona jina lake linavyotajwa chini yake, pamoja na la mama yake.

Alipofika mbele ya bosi alisema, "Luseane kachoka kidogo tu, bosi. Jua."

"Kichwa?"

"Kichwa."

Darrell akampa vidonge vya maumivu ya kichwa. Penisimani akampelekea Kalolaine ampe. Yule mama alivigeuzageuza kiganjani, akamtazama kijana wa watu kutoka miguuni hadi utosini.

"Makubwa," akasema. "Siku hizi tumbo linatibiwa kichwani." Akaondoka.

Siku zilizofuata Penisimani alichuma akiwa ameyapa mgongo mistari ya wanawake. Alijiambia ni adabu. Mara moja tu aligeuka, alipokuwa akifuata kreti tupu, akamwona dada yake ameshikilia nguzo ya mzabibu kwa mikono miwili, amejifunga shuka nzito kiunoni juu ya suruali katika joto lile, paji la uso limegusa mbao. Angeweza kuita jina lake. Kaka haharamishiwi kuita jina. Badala yake akatazama pembeni haraka, kama alivyofundishwa utotoni, na moyo wake ukamshukuru aliyeiweka mila ile. Baadaye, katika mambo yote, hilo la kushukuru ndilo alilolichukia zaidi.

Luseane alianguka siku ya Alhamisi kabla ya mapumziko ya chai. Kelele zilipopigwa Penisimani alikimbia kama wengine, akasimama umbali wa mistari miwili. Gari la wagonjwa lilipofika, muuguzi wa kike aliyekuwamo akapiga magoti kwenye vumbi na kuuliza nani anaongea Kiingereza. Watu wote wakamtazama msemaji wao.

"Muulize kama ni mjamzito," muuguzi akasema. "Muulize damu imeanza lini."

Kila neno alilielewa. Wanaume wa Fangatea walikuwa wamemzunguka, wengine wameinamisha vichwa, wengine wameanza kurudi nyuma. Dada yake alikuwa amefumbua macho, anamtazama.

"Sijui," akasema Penisimani.

"Sikuulizi wewe. Muulize yeye!"

"Siwezi. Ni dada yangu."

Yule muuguzi alimwangalia kana kwamba hakumsikia vizuri. Ndipo Kalolaine alipowapangua wanaume kwa viwiko, akapiga magoti, akainua vidole vitatu kwa ajili ya miezi, akajishika tumbo akasema "mtoto" kwa Kiingereza, kisha akahesabu siku kwa kulaza shavu kwenye kiganja na kuinuka, kulaza na kuinuka, mara tano. Muuguzi akaelewa yote. Penisimani alikuwa ameshageuka, anaitazama barabara.

Habari alizipata kwa simu kutoka Tonga, kwa mke wake Sulieti, maana mawifi wanaambiana yasiyoambika. Mtoto ametoka. Maradhi yameingia kwenye damu, madaktari wamelazimika kuutoa mji wa mimba ili mwenyewe apone. Sulieti alilia sana.

"Miaka saba, baba," alisema. "Miaka saba anaomba, na Mungu kampa kumbe siku ileile anapanda ndege. Alikuwa anaogopa kusema, wasije wakamrudisha. Kwani wewe hukujua?"

"Ningejuaje?" akasema Penisimani. "Ni dada yangu."

"Kweli," Sulieti akasema. "Ungejuaje."

Baada ya wiki mbili akaja mwanamke wa serikali anayeshughulikia wafanyakazi wa msimu, Bi Moira Teale, mwenye viatu vya vumbi na sura ya mtu aliyekwisha kudanganywa na wengi. Darrell alimwita Penisimani pembeni kwanza. Hakumtisha, na ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekonda kwa hofu. "Sema yaliyotokea tu, Beni. Hakuna aliyeambiwa. Wakisikia vingine watanifungia shamba, na ninyi nyote mtapanda ndege." Kalolaine hakuitwa. Aliyekuwa akipanga nani aongee na mgeni ni kiongozi wa timu, na kiongozi wa timu alisema Kiingereza cha yule mama hakitoshi.

"Dada yako alikwambia kwamba anaumwa?" Bi Moira akauliza.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Kwa mila zetu hawezi kuniambia."

"Kwa hiyo hakukwambia."

"Dada yangu hakuniambia."

Mwanamke yule alisubiri kidogo, kalamu mkononi, kama anayempa nafasi. Penisimani naye alisubiri. Jibu lake lilikuwa la kweli kila neno, ungeweza kuliapia kwenye Biblia, na ndiyo maana lilimkaa kooni tangu siku hiyo kama mwiba wa samaki. Uongo mtu anaweza kuutubu. Ukweli wa namna ile anautubuje?

Shamba halikufungwa. Luseane alirudishwa nyumbani akiwa amekonda, na Sitani mumewe hakumlaumu mtu. Alikwenda shambani akalima matuta ya viazi vikuu ambayo hakuna aliyeyahitaji. Msimu uliofuata Darrell, kwa shukrani, akawarudisha watu wa Fangatea wote na kuongeza wengine, na Penisimani akawa kiongozi wa timu mbili. Upande wa pili wa kanisa ukaezekwa. Mvua ikinyesha wakati wa ibada, watu waliyasikiliza mabati yao mapya wakatabasamu. Yeye alitazama vidole vya miguu yake.

Hatia ilimla. Hakuna neno zuri zaidi la kulisema hilo. Alikula na hatia, akachuma nayo, akapanda nayo ndege kwenda na kurudi. Alitaka kumwomba dada yake msamaha, lakini kuomba msamaha ni lazima kutaja kosa, na kutaja kosa ni kutaja damu yake, tumbo lake, mtoto wake, mambo ambayo kaka hayatamki mbele ya dada hadi kaburini. Ile mila aliyojificha nyuma yake ilikuwa sasa imemfungia humo humo. Alijaribu kwa mchungaji. Alianza tu kusema, "Mchungaji, kule shambani, dada yangu alipokuwa..." na mchungaji akamshika bega upesi: "Mambo ya dada yako, Penisimani? Tusiyataje. Tuombe." Wakaomba, kwa ufasaha mkubwa, bila kusema wanaombea nini.

Basi akageukia zawadi. Alimletea dada yake mashine ya kufulia kutoka Robinvale, blanketi, sufuria kubwa za kupikia karamu. Vyote vilipita kwa Sulieti, na kwa Sulieti yakarudi maneno ya shukrani. Aliposikia kwamba Luseane anaitumia ile mashine kila Jumatatu, na majirani wanaalikwa kuifulia, ilimuuma kuliko kama angeitupa baharini.

Kisha Sulieti akajifungua mtoto wa tatu, binti.

Kwetu jina la mtoto linatoka kwa shangazi yake, dada wa baba. Jumamosi kabla ya ubatizo watu wakajaa ukumbi wa kanisa: nguruwe wa kuoka, majani ya majimbi yaliyofungwa na tui la nazi, viazi vikuu vya Sitani, kwaya pembeni. Juu kabisa, kwenye mikeka laini iliyorundikwa, aliketi Luseane kama alivyostahili, na mtoto alikuwa amelazwa mapajani mwake. Penisimani alijifunga kiunoni mkeka mzito, vazi letu la heshima, akapewa kipaza sauti ili amkaribishe dada yake kwa hotuba. Alikuwa amepanga hotuba hiyo tangu mtoto alipozaliwa, na ndani yake alikuwa ameficha jambo ambalo hakumwambia yeyote.

Alizungumza vizuri. Alitaja wazazi wao waliolala, alitaja adabu, alitaja ukubwa wa dada juu ya kaka, na sauti yake ya mhubiri ikaanza kutetemeka, akalia, na wanawake wengi wakalia naye. Kisha akapiga magoti.

"Dada yangu," akasema, "sina cha kukupa kinachokutosha. Mtoto huyu ni wako. Mchukue leo, awe binti yako, akuite mama. Mimi sitamdai kamwe."

Ukumbi ulilipuka. Shangazi kulea mtoto wa kaka yake si ajabu kwetu, ni heshima, na kwa mwanamke aliyepatwa na yale yaliyompata Luseane, watu waliona Mungu mwenyewe ameingia mlangoni. Wazee walipiga makofi, mzee mmoja akapiga kelele, "Huyo ndiye kaka!" Penisimani aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akahisi kifua chake kimepata nafasi ya pumzi.

Luseane alimwinua mtoto, akaweka pua kwenye shavu lake dogo, akavuta harufu yake taratibu. Kisha akatazama, juu ya vichwa vya watu wote, kule nyuma kwenye mlango wa jikoni. Sulieti alikuwa amesimama pale na kisu cha kukatia viazi. Saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa.

"Kaka," akasema Luseane. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kumsikiliza akishukuru. "Umemuuliza mama yake?"

Penisimani akainua uso.

Angeweza kujibu ndiyo. Sulieti asingembishia mbele ya watu, na baada ya mwaka mmoja jibu hilo lingekuwa kweli, kama majibu yake mengine. Alimtazama mke wake, akamwona anavyokishika kile kisu, na akili ikamrudia. Alikuwa tena anatoa kilichotoka ndani ya mwili wa mwanamke, bila kumuuliza, ili yeye apate kupumua.

"Sikumuuliza," akasema.

"Muulize."

"Dada, mbele ya watu..."

"Umemtoa mbele ya watu. Muulize mbele ya watu."

Mtu mmoja akakohoa. Penisimani aligeuka akiwa bado amepiga magoti. "Sulieti," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka jina hilo hadi nje barabarani. "Unakubali mtoto achukuliwe?"

"Hapana," akasema Sulieti.

Alilisema hivyo hivyo, bila kuongeza neno, akaweka kisu chini na kuja mbele kati ya mikeka, na watu wakajikunja kumpisha. Luseane akamkabidhi mtoto. Sulieti akaketi palepale pembeni ya wifi yake, juu ya mikeka ambayo haikuwa yake kuikalia, akamfunika mtoto kwa shali, akaanza kumnyonyesha. Hakuna aliyemkemea.

"Umeona, kaka?" akasema Luseane. "Umeuliza, na hujafa."

Watu wengine wakacheka kidogo, wakishusha pumzi, wakidhani jambo limeisha kwa utani. Mzee wa kijiji, aliyetaka sana liishe, akajongea na kuomba kwa adabu kwamba shangazi sasa atoe jina, chakula kisipoe.

"Jina ninalo," Luseane akasema. "Ataitwa Kalolaine."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kuhesabu bibi baada ya bibi kwa vidole, akaishiwa. Katika ukoo wa Fangatea, si upande wa baba wala wa mama, hapakuwahi kuwa na mtu wa jina hilo.

Lakini Penisimani alikuwa amelisikia. Aliliona bomba la maji, aliona povu kwenye viwiko vyake. Yule mama alikuwa amemwambia Luseane kila kitu. Bila shaka alimwambia tangu jioni ileile, kitandani kwake, pamoja na vidonge vya kichwa. Luseane alijua siku zote. Alijua akiwa anafua nguo kwenye mashine yake, alijua kila alipokuja karamuni akaketi mbele na kupokea sehemu yake ya nyama, na miaka yote miwili hakumtajia mtu. Naye sasa alikuwa ametoa jina ambalo kaka yake angeliita asubuhi na jioni mpaka afe.

"Kalolaine ni nani, mama?" mzee wa kijiji akauliza. "Ili tuliandike vizuri."

Luseane alijiweka sawa kwenye mikeka yake, akavuta sinia la chakula karibu na wifi yake.

"Kaka yangu anamjua," akasema. "Muulizeni yeye."

Wote wakamgeukia Penisimani, msemaji wao. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.